Sahani ya marehemu imepasuka tanurini, na shemeji ameanza kuchora nyingine

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Dodoma mjini. Pamoja na mume wangu, mdogo wake na mama mkwe, tunaendesha studio ndogo ambayo mteja huja akachagua chombo cheupe cha udongo kilichokwisha kuchomwa mara ya kwanza, akakaa mezani akakipaka rangi kwa mkono wake, kisha akatuachia tukichovye kwenye glezi, yaani ule utando unaogeuka kioo, na kukichoma tena ili akakitumie nyumbani. Vyombo vyeupe tunaviagiza kupitia Dar es Salaam. Tanuri ni la umeme, la mtumba, na tulilinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo cha marehemu baba mkwe, ambacho mama mkwe alikitoa bila kuandikishana na mtu yeyote. Studio yenyewe iko katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Area D, na mlango wake unatazama barabara ya vumbi.

Kazi tumegawana. Mimi nakaa kaunta na kuwahudumia wateja. Mume wangu ni mtumishi, kazi yake iko Mtumba, kwenye mji wa serikali, hivyo jioni ndipo anapokuja kufunga hesabu. Mama mkwe hukaanga sambusa na kuwauzia wateja wanapopaka rangi, na sambusa hizo zimelipa ada ya shule ya mwanangu mkubwa mwaka huu. Shemeji yangu, kijana wa miaka 26 aliyesoma sanaa chuoni, ndiye anayechovya glezi, anapanga tanuri na kulifungua. Hana mshahara. Anakula nasi, analala hapa, na akiwa na shida kaka yake humpa kitu.

Wateja wetu ni familia za watumishi waliohamia na serikali, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwisho wa wiki, na wakati wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, wageni wengi ambao wako mjini kwa siku chache tu. Kwa ajili ya wageni hao niliandika kwenye ubao wa nje: «Paka leo, chukua baada ya siku 3.» Ubao ule ulituletea watu. Wiki ya kawaida tunapokea vyombo kama 70, tanuri linabeba 40 hivi, na kila mchomo unakula karibu uniti 40 za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Tunachoma mara mbili kwa wiki.

Mwezi Mei ilipasuka sahani ya mtoto wa miaka saba. Mama yake alikuwa anasafiri na treni ya SGR keshokutwa yake asubuhi. Huwa tunapiga picha kila chombo kabla ya kukichoma ili visichanganyike, kwa hiyo shemeji alikaa usiku kucha akaipaka sahani nyingine kwa kuitazama picha, akaichoma haraka siku iliyofuata, na asubuhi ya safari nikaikabidhi kana kwamba ni ileile. Mama alifurahi. Mtoto aliigeuza, akaangalia chini, akasema: «Hii siyo yangu. Mimi niliweka dole gumba hapa.» Mama yake akacheka, akamwambia amesahau. Mimi nikacheka pia. Mtoto alitoka akiwa analia, na sikulala vizuri siku hiyo.

Tangu hapo tumefanya hivyo mara tatu zaidi, kwa sahani moja nyingine iliyopasuka na vikombe viwili ambavyo glezi ilijikusanya pembeni ikaacha mabaka makavu. Mume wangu anasema hiyo ni huduma, kwamba mteja alilipia chombo kizuri na amepata chombo kizuri.

Sasa limetokea jambo ambalo siwezi kulibeba. Mwishoni mwa Julai alikuja dada mmoja, mtumishi, akiwa na baba yake mzee ambaye alikuwa amemleta kutoka Kondoa kwa ajili ya matibabu. Mzee hakutaka kusaidiwa. Kwa mkono unaotetemeka alichora kwenye sahani kubwa nyumba ya tembe aliyozaliwa ndani yake, na ng'ombe watatu mbele yake. Siku chache baadaye mzee akafariki. Wiki ya Nane Nane, wageni wa maonesho ya Nzuguni walijaa kwetu, tukapokea vyombo zaidi ya 120, na kila mmoja alitaka chake kabla ya kuondoka. Sahani ya mzee iliingia katika mchomo mmojawapo wa wiki hiyo. Shemeji alifungua tanuri alasiri, kidhibiti cha joto kikiwa bado kinasoma nyuzi 280, kwa sababu mimi nilikuwa na watu watano wanaosubiri kaunta. Tulisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Sahani ilikuwa vipande viwili, ufa umepita katikati ya tembe, na kingo zake ni kali kama wembe. Zilimkata shemeji kidole.

Yule dada amenipigia simu. Anataka kuichukua sahani kabla ya arobaini, aipeleke Kondoa ndugu zake waione. Sijamwambia kitu. Shemeji ameshaanza kuchora nyingine, na ninakiri kwamba ule mtetemeko wa mkono wa mzee ameuiga vizuri mno. Mume wangu ameunga mkono. Mama mkwe naye anasema kumvunjia mfiwa moyo mara ya pili ni dhambi kuliko kunyamaza. Kwa upande mwingine mume wangu anataka tukope benki tununue tanuri la pili, akisema shida yote ni foleni, na mimi nimeanza kumwona shemeji kuwa ni mzembe ambaye hatufai. Je, nikinyamaza nitakuwa nimekosea? Na studio hii tuiendesheje, ikiwa wenye biashara ndio haohao wenye nyumba?

Mama wa Area D, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usimpe ile nakala. Mwambie shemeji aweke brashi chini leo, kabla hajaimaliza, kwa sababu kazi iliyokamilika na iliyopendeza itakuwa ngumu zaidi kuiacha. Vipande viwili vya sahani ya mzee vifungwe kila kimoja katika kitambaa chake safi, viwekwe ndani ya boksi gumu, na mtu asijaribu kuviunganisha wala kuvirudisha tanurini. Mchomo mwingine hauungi ufa. Glezi itayeyuka tena, kingo zitakuwa za mviringo, na vile vipande ambavyo leo vinashikana sawasawa havitashikana tena.

Nimeelewa hoja ya mama mkwe, na inatoka katika huruma. Lakini fikiria kitakachotokea Kondoa. Sahani itapitishwa mkono kwa mkono katika kusanyiko la arobaini, wajukuu wataoneshwa mkono wa babu yao ulivyokuwa ukitetemeka siku zake za mwisho, mmoja wa watoto atapewa aitunze, na miaka ishirini baadaye bado kitu hicho kitakuwa ukutani katika nyumba ya watu, kikiwa ni kazi ya kijana wa Area D ambaye hakumjua marehemu zaidi ya dakika chache. Muulize mama mkwe, kwa adabu na mkiwa wawili tu, kama angepewa barua aliyoandikiwa na marehemu mume wake, kisha akaja kujua kwamba ya kweli ilichanika na hii imenakiliwa na mtu mwenye mwandiko mzuri, angeiweka wapi. Yeye ni mjane. Atakujibu.

Mume wako anasema mteja alilipia chombo kizuri. Hapo ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Chombo kizuri mteja angekinunua Majengo sokoni kwa bei ndogo kuliko yenu, kikiwa kimenyooka na kimepakwa na mashine. Kwenu analipia zaidi ili apate kile alichokigusa yeye. Tangu anapokiacha mezani na kutoka mlangoni, kile chombo ni amana mikononi mwenu, na amana hairudishwi kwa kitu kinachofanana nayo. Hata sheria inaiona hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine, na inamtaka aliyekabidhiwa aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mtu au kumdanganya katika biashara. Sikuandikii haya ili kukutisha, maana ajali ya tanuri kwa yenyewe si kosa la jinai. Nataka mume wako aone kwamba kupasuka kwa sahani na kuificha ni mambo mawili, na kwamba la pili ndilo linaloweza kuifunga studio yenu siku moja.

Basi mpigie yule dada simu wiki hii. Usimweleze yote kwenye simu, wala usimwambie kwamba sahani iko tayari. Mwambie kuna tatizo kuhusu sahani ya mzee na unaomba uende kwake umweleze. Nenda na mama mkwe, kwa sababu mtu mzima anapofika nyumbani kwa mfiwa anapunguza ukali wa habari, na kwa sababu nyumba ilimo studio ni yake. Anzeni kwa pole ya msiba. Kisha sema moja kwa moja: sahani imepasuka, ilipasuka kwa sababu tulifungua tanuri mapema, vipande vyote viwili ninavyo hapa. Usilaumu umeme, usilaumu udongo, usimtaje shemeji. Mrudishie fedha yake yote, na umpe ile picha mliyoipiga kabla ya mchomo, ikiwa imesafishwa vizuri kwa ukubwa wa kuwekwa kwenye fremu, kwa maana hiyo inaonesha mkono wa mzee ukiwa mzima.

Baada ya hapo, mwache aamue yeye. Huenda akataka vipande vibaki hivyo. Huenda akataka viunganishwe, na hilo linawezekana kwa gundi ya epoksi ile ya mirija miwili, mstari wa ufa ukibaki unaonekana, kwa sharti kwamba sahani itakuwa ya kutundikwa na kutazamwa tu, isiwekewe chakula wala isitiwe kwenye maji ya moto. Na ikiwa ni yeye mwenyewe atakayesema, «Nichoreeni nyingine niwapelekee ndugu zangu,» hapo kipaji cha shemeji kina nafasi halali: atachora, na nyuma ya sahani ataandika kwa rangi ya kuchomwa neno «nakala» na mwaka. Kunakili kwa idhini ya mwenye kitu hakuna aibu yoyote.

Inawezekana atalia. Inawezekana pia atakasirika na kusema maneno makali mbele ya mama mkwe. Yapokeeni.

Sasa nije kwa shemeji, kwa kuwa nadhani unamwonea. Wewe mwenyewe umenipa ushahidi bila kukusudia. Umesema kingo za ufa ni kali kama wembe. Mfinyanzi akitaka kujua chombo kilipasuka lini, huangalia glezi penye ufa. Ikiwa kingo zake zimelainika na kuwa za mviringo, ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka, yaani chombo kiliingia na kasoro au kilipasuka wakati joto linapanda. Ikiwa glezi imekatika kwa ukali kama kioo cha dirisha, ufa umetokea wakati wa kupoa. Sahani ya mzee ilitoka salama katika moto. Iliuawa na upepo wa Agosti ulioingia kupitia mfuniko.

Sababu yake ni hii. Udongo mweupe wa vyombo vyenu una chembe za kwatzi, madini yapatikanayo pia kwenye mchanga, na chembe hizo hubadilika ukubwa kwa ghafla joto linaposhuka kupita nyuzi 573. Ndugu mmoja wa kwatzi, anayejitokeza katika baadhi ya udongo uliochomwa, hubadilika karibu na nyuzi 226. Tanuri lililofungwa hupita sehemu hizo polepole na chombo chote hunywea kwa pamoja. Ukifungua kwenye 280, ukingo wa sahani unapigwa na hewa ya baridi na kunywea, ilhali kitako chake bado kimekaa juu ya rafu yenye moto, na sahani kubwa iliyo bapa ndiyo huumia kuliko kikombe. Huenda shemeji aliwahi kuona bibi zetu wakiopoa vyungu vikiwa bado na joto la kuni na visipasuke. Ni kweli, vyungu vile huvumilia, kwa kuwa udongo wake umechanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, haukuchomwa kwa joto kali sana, na hauna utando wa kioo. Udongo wenu mwembamba wenye glezi hauna uvumilivu huo. Kanuni iwe kwamba mfuniko hauguswi mpaka kidhibiti kisome chini ya nyuzi 100.

Lakini nani alimfanya afungue kwenye 280? Watu watano waliokuwa wanasubiri kaunta, na waliokuwa wanasubiri kwa sababu ya ubao wako. Nisamehe nikisema hivyo. Ahesabu mtu yeyote: chombo kinapakwa leo, rangi inakauka usiku, kesho kinachovywa glezi na kuachwa kikauke, kinasubiri tanuri lijae, kinachomwa kwa muda wa saa nane au tisa, kinapoa usiku mzima na sehemu ya asubuhi, kisha kinakaguliwa na kusuguliwa kitako. Siku tatu hutimia tu pale ambapo mtu wa tanuri ameiba saa za kupoa. Shemeji amekuwa akilipa kwa vyombo vya watu ahadi ambayo hakuitoa yeye. Futa ule ubao. Andika siku saba, na wakati wa Bunge na Nane Nane andika siku kumi. Mgeni anayeondoka kesho aambiwe kabla hajashika brashi kwamba chombo chake kitamfuata, kwa ndugu aliyeko mjini au kama kifurushi kwenye basi kikiwa kimefungwa vizuri kwa gharama yake. Wapo watakaoghairi na kuondoka. Waacheni waende.

Kuhusu vile vikombe viwili vyenye mabaka makavu, sikuhitaji kufika ili kukisia. Glezi hujikusanya na kukimbia mahali palipo na mafuta au vumbi, kwa sababu haipati pa kushika. Ninyi mna vyote viwili: mlango unaotazama barabara ya vumbi katika mji wenye upepo kama Dodoma, na sambusa zinazoliwa mezani na vidole vilevile vinavyoshika chombo. Sikuambii mama mkwe aache sambusa zake, zimesomesha mtoto. Wekeni meza ya kulia upande wa uani, na ndoo ya maji na sabuni kati ya meza hiyo na ya rangi, na kila chombo kifutwe kwa sponji yenye unyevunyevu kabla ya kuchovywa. Rafu ya vyombo vinavyosubiri ifunikwe kwa shuka.

Tanuri la pili msikope. Tanuri mlilo nalo, likijazwa Jumatatu asubuhi na kuwashwa mapema, litamaliza jioni na litafunguliwa Jumanne kati ya asubuhi na adhuhuri bila kuharakishwa. Kwa mwendo huo michomo mitatu kwa wiki inawezekana, yaani vyombo 120, nanyi wiki ya kawaida mnapokea 70. Umeme wenyewe si mzigo kama mnavyodhani: kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, ambayo wengi wetu tumeizoea katika LUKU, mchomo wa uniti 40 ni shilingi 14,240. Sahani moja iliyopasuka ikarudishiwa fedha na kupakwa upya imeshakula zaidi ya hapo. Foleni yenu ilikuwa ya kweli wiki moja ya Nane Nane, na mkopo wa miaka kadhaa hauchukuliwi kwa ajili ya wiki moja.

Fedha ambayo ingekwenda kwenye marejesho ya benki, anzeni kumlipa shemeji mshahara. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu katika biashara za familia nimeliona mara nyingi likiharibu undugu uliokuwa mzima. Kijana wa miaka 26 anayefanya kazi ngumu kuliko wote, anayelala karibu na tanuri na kupewa kitu akiwa na shida, hawezi kumwambia mke wa kaka yake, «Shemeji, leo sifungui, warudi kesho.» Hana mahali pa kusimamia neno hilo. Mkimpa mshahara unaojulikana, hata ukiwa mdogo, unaolipwa tarehe ileile kila mwezi, na mkaandika kwamba kufungua tanuri ni uamuzi wake peke yake na kwamba si wewe, si kaka yake wala si mama mwenye uwezo wa kumharakisha, hapo mtakuwa na haki ya kumdai akikosea. Kabla ya hapo hamna.

Kiinua mgongo cha baba mkwe nacho kitafutiwe jina. Je, kilikuwa mkopo, na kama ni mkopo unarudishwa lini? Au mama ni mbia, na kama ni mbia sehemu yake ya faida ni ipi, na chumba cha mbele kinalipiwa pango au kinahesabiwa ndani ya ubia? Kaeni wote wanne, mzungumze kwa utulivu, muandike ukurasa mmoja, kila mtu atie sahihi na mtoto mwingine wa mama ashuhudie, asije akasema baadaye kwamba mali ya baba ililiwa na upande mmoja. Kama mmesajili jina la biashara BRELA, kwa msajili wa biashara, jueni kwamba usajili wa jina peke yake hautenganishi mali ya studio na mali ya nyumba. Deni la studio linaweza kuifuata nyumba. Ni sababu nyingine ya kutokimbilia benki.

Pale kaunta, wekeni maneno machache ambayo mteja atayasoma kabla ya kulipa: kwamba moto una hatari yake, kwamba chombo kikiharibika ataambiwa ukweli siku hiyohiyo, ataoneshwa vipande, na atachagua kati ya kurudishiwa fedha na kupaka kingine bure. Naona unaogopa kwamba tangazo la namna hiyo litafukuza watu. Kwa uzoefu wangu, mteja aliyeambiwa mapema husikitika na kurudi. Asiyerudi ni yule aliyegundua mwenyewe.

Na ndiyo, itawabidi muwatafute wale wanne wa zamani. Wawili wa vikombe na yule wa sahani ya pili wapigieni simu, namba zao mnazo kwenye daftari la oda, muwaeleze na muwape wanachochagua. Lakini anza na mtoto wa Mei. Mtoto yule alisema kweli mbele ya watu wazima, na watu wazima wote walimcheka, mmoja wao akijua kwamba anasema kweli. Mpigie mama yake, umweleze ulichofanya, kisha uombe uzungumze na mtoto mwenyewe, umwambie kwamba alikuwa sahihi, kwamba ile sahani haikuwa yake, na kwamba unamwomba radhi. Familia ikija tena Dodoma, mkaribishe apake nyingine bila malipo, aweke dole gumba anapotaka. Kama hawatakuja, mtumie sahani nyeupe na rangi tatu nne zilizofungwa vizuri, airudishe ikiwa tayari kuchomwa, na shemeji asiifungulie tanuri mpaka asubuhi ya pili.